Noti ya Mia Mbili na Mtamba wa Murukulazo

Jumapili mchana nilikuwa nyumbani kwangu Biharamulo, naanika mahindi, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Spesioza, mke wa mdogo wangu Deo, anapiga kutoka Murukulazo wilayani Ngara. Spesioza ni mtu wa salamu ndefu, huuliza watoto, mvua, mpaka kuku. Siku hiyo hakusalimu.

"Wifi, njoo," alisema. "Mdogo wako anamtoa Bihogo Jumatano. Anambadilisha na noti."

"Noti ngapi?" niliuliza, nikidhani anauza ng'ombe kama watu wengine wauzavyo.

"Noti moja. Ya mia mbili. Zile za zamani."

Niliketi pale pale kwenye turubai, juu ya mahindi.

Msomaji anisamehe kama safari hii nitaisimulia nimekunja uso. Miaka ishirini na sita nilikaa nyuma ya kioo cha benki nikihesabu fedha za watu, na tangu nistaafu nimekuwa nikikusanya noti za zamani, kwa kupenda tu, kama wengine wanavyokusanya vikombe vya kabatini ambavyo hakuna mgeni anayenywea. Noti ya shilingi mia mbili naijua vizuri: rais mbele, wavuvi wawili nyuma, na kichwa cha twiga kilichofichwa ndani ya karatasi, hukioni mpaka uiinue kwenye mwanga. Zilikuwa nyingi kama majani kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Iliyo nzuri sana, isiyokunjwa hata mara moja, mkusanyaji kama mimi atakupa elfu kumi akiwa ameamka vizuri. Iliyochakaa unaweza kufutia miwani.

Na Bihogo ni mtamba. Ana rangi nyekundu iliyoiva, ndiyo maana ya jina lake, na alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi sita. Spesioza alimpata kupitia kikundi cha wanawake wa kanisani kwao. Mwanachama hupewa ndama jike amlee, na akizaa jike wa kwanza humkabidhi mwenzake anayefuata kwenye foleni. Kwa hiyo tumboni mwa mtamba yule kulikuwa na maziwa ya wajukuu wa Deo, na huenda kulikuwa na ng'ombe wa mwanamke mwingine ambaye alikuwa amesubiri zamu yake kwa miaka miwili. Yote hayo yalikuwa yanakwenda kwa mia mbili.

Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa stendi ya Biharamulo na mkoba wangu. Ndani nilitia khanga mbili, kioo cha kukuzia, na albamu yangu ya noti yenye kurasa za nailoni. Albamu niliibeba iwe ushahidi. Ningejua, ningeiacha kabatini.

Mji wetu una boma la Wajerumani, na tangu nipate akili zangu kuna watu wanaolizunguka usiku na majembe wakitafuta rupia zilizofukiwa. Sijamsikia aliyepata. Nimewasikia waliovunjika miguu kwenye mashimo ya wenzao. Kwa hiyo abiria aliyekaa karibu yangu aliponionyesha simu yake, sikushangaa sana. Kulikuwa na picha ya noti ya mia mbili, na chini yake maandishi mekundu: mwenye noti hii, yenye namba inayoishia na saba, atalipwa milioni kumi na mbili, piga namba hii.

"Wanaitafuta kwa ajili ya karatasi yake," yule bwana alinieleza kwa sauti ya chini. "Karatasi za siku hizi hazina kitu."

Nilimwambia kwamba nilifanya kazi benki, na kwamba ni uongo. Alinitazama, akafunga simu, akageukia dirishani. Mpaka tunafika Lusahunga hakunisemesha tena.

Saa nne tuliteremka Nyakahura, mahali ambapo malori ya Rwanda na Burundi yanapita na njia ya vumbi ya Rulenge inaanzia. Nilikunywa chai kwa mama mmoja chini ya paa la bati, nikaipiga ile namba ya tangazo. Mwanamume mwenye sauti nzuri kama ya mtangazaji aliniambia kwamba kabla hawajaja kununua, nitume elfu hamsini ya usajili. Nilimuuliza ofisi yao iko wapi. Akasema ziko nyingi. Nilimuuliza iliyo karibu. Akakata.

"Umepata?" mama wa chai aliniuliza, maana alikuwa akisikiliza bila kujificha.

"Ni matapeli, mama. Wanataka elfu hamsini kwanza."

Alitikisa kichwa huku akinifungia chapati. "Elfu hamsini kwa milioni kumi na mbili, si wamekuonea huruma tu."

Nililipa nikaondoka.

Saa saba na nusu nilifika Rulenge nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Rulenge ni mji wa misheni ya zamani, kanisa kubwa, shule, hospitali, na mashamba ya migomba yanayoanzia nyuma ya kila ukuta. Dereva wa bodaboda aliyenipokea anaitwa Elias, kijana mchangamfu mwenye ndevu tatu. Nilipotaja Murukulazo kwa Deo, alicheka.

"Kwa Deo wa noti? Hiyo noti mimi ndiye niliyeiibua, mama."

Huko ndiko nilikojua jinsi noti ile ilivyosafiri. Serikali ilipotangaza kwamba noti za zamani zinaondolewa na watu wazipeleke benki, mjane mmoja wa pale Rulenge, Mama Restituta, alikuwa na hiyo moja na hakwenda. Muda ukapita. Elias akaiona, akampa kuku mmoja akaichukua. Mzee Maduhu wa Murukulazo akampa Elias mbuzi watatu. Sasa Deo anampa Mzee Maduhu mtamba. Noti ile ilipokuwa hai ilinunua sabuni na kiberiti. Ilipokufa ndipo ilipoanza kununua mifugo.

"Na wewe mwenyewe kwa nini hukupiga ile namba ukapata milioni zako?" nilimuuliza.

"Mimi nilipata mbuzi," alisema Elias, na kwa kweli lilikuwa jibu pekee la maana nililolisikia siku hiyo.

Nilimwomba anipitishe kwa Mama Restituta. Nilitaka kusikia kwa mdomo wake noti ilitoka wapi, nikamweleze Deo kwamba haikutoka kwenye hazina yoyote. Tulimkuta amekaa kibarazani anachambua maharage, mwanamke mwembamba wa miaka kama sabini, na kuku mweusi amefungwa kamba mguuni karibu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ukiwa unataka noti, sina nyingine. Wameshakuja watano."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilimwambia mimi sitaki noti, nataka habari yake tu. Akanieleza bila kuacha maharage. Marehemu mumewe alikuwa seremala. Alipouza meza yake ya kwanza alimletea mkewe ile noti, ikiwa mpya, akamwambia, hii usiitumie hata tukilala njaa. Akaiweka ndani ya Biblia.

"Na mlilala njaa?"

"Sana," alisema. "Sikuitumia. Akifa mtu unabaki na vitu vyake vinakutazama. Nikasikia redioni nayo imekufa. Nikasema basi, mwenyewe kafa, noti kafa, kuku anataga." Aliinua uso akatabasamu. "Lakini maneno yake ninayo. Hayo sikuyauza."

Nilimuaga nikiwa na moyo mwepesi. Nilijua nina hadithi ya kumtuliza Deo.

Saa kumi jioni Elias alinishusha Murukulazo. Njia yote ni shamba baada ya shamba, migomba, maharage, mihogo, na kwenye mteremko boma la miiba la Mzee Maduhu, mfugaji aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga zamani. Deo alinipokea mkoba kwa furaha kubwa mno. Nilidhani anafurahi kuniona. Kumbe alidhani nimekuja kuithibitisha noti.

"Dada, umekuja kuipima mwenyewe. Nilijua hutaniangusha."

"Nimekuja kukuzuia."

Spesioza alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilisikia kisu kinasimama.

Nilimweleza Deo yote. Nilimweleza ile simu na elfu hamsini ya usajili. Nilimweleza meza ya kwanza ya seremala wa Rulenge. Nilimweleza kwamba noti hizo nimezihesabu kwa mabunda, mikono yangu ikanuka wino. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyonisikiliza tangu utoto, kichwa chini. Mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea, nikamsomesha mpaka akakataa mwenyewe. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Dada, umepanda magari mawili na pikipiki kuja kuangalia kitu kisicho na thamani?"

"Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe."

"Na hicho kitabu cha noti kinachochungulia mkobani umekibeba cha nini?"

Huyo ndiye mdogo wangu. Ukimweleza kwamba moto unaunguza, atauliza mbona wewe unapikia.

Jumatano saa mbili asubuhi Mzee Maduhu alifika na fimbo, kamba mpya begani, na mkewe nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nzito. Majirani walikuwa wameshafika, wanaume saba hivi na wanawake kadhaa wa kile kikundi, ambao walisimama upande wa zizi wamekunja mikono. Bihogo alikuwa anatafuna majani ya migomba, tumbo limejaa, hana habari.

Mzee Maduhu alitoa noti kwenye kopo la dawa, ameizungushia pamba. Nilikaa kwenye kigoda, nikatoa kioo changu. Niliikagua kwa dhati, kwa sababu kazi ni kazi. Ilikuwa imekunjwa mara moja katikati. Kona moja ilikuwa na alama ya mafuta. Namba yake iliishia na saba kweli. Nikaiinua juani, twiga akatokea, shingo nyembamba, masikio yamesimama, kama siku aliyotoka kiwandani.

"Ni noti halali iliyoisha muda," nilisema. "Benki hawaipokei tena. Dukani hawaipokei. Mkusanyaji atatoa elfu kumi, na atalalamika kwa hii kona. Si zaidi."

Watu walinong'ona. Mzee mmoja wa pembeni alisema kwa sauti, "Ameanza na elfu kumi. Si umeona? Anaitaka."

"Siitaki," nikasema. "Nina nne."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifungua albamu nikawaonyesha, nne zimepangwa kwenye ukurasa mmoja, nikidhani kwamba mtu akiona kitu kiko kingi ataacha kukithamini. Wote walisogea karibu na albamu. Kisha yule mzee wa pembeni, ambaye nadhani hajawahi kumaliza hesabu ya duka lake mwenyewe, alipiga hii papo hapo.

"Mara nne. Milioni arobaini na nane."

Deo alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyempakata.

"Milioni arobaini na nane, dada," alisema taratibu. "Na mwaka jana nilikuomba bati kumi."

Nilihisi machozi ya hasira. Nilichomoa noti zote nne nikamwekea magotini. "Chukua. Zote. Bure. Mwache Bihogo zizini, uende na hizi ukauze kwa huyo mwenye milioni."

Kwa dakika moja niliona ameshawishika. Alizishika. Kisha jirani mwingine akainama juu ya bega lake, akasoma kwa kidole tarakimu ya mwisho ya kila noti. Tatu. Sifuri. Moja. Nne.

"Hazina saba," alisema. "Hizi ndizo zisizo na thamani. Ndiyo maana anazitoa bure."

Deo alinirudishia noti zangu. Alizipanga vizuri kwanza, ndiyo malezi niliyompa. "Mzee Maduhu, funga kamba," alisema.

"Mama, mimi sijui bei ya karatasi," Mzee Maduhu aliniambia, si kwa ubaya. "Najua nilitoa mbuzi watatu. Ng'ombe namjua. Haraka sina, lakini mtu akinipa ng'ombe nitamkatalia?"

Alimsogelea Bihogo na kamba. Wale wanawake wa kikundi walinigeukia wote kwa pamoja. Spesioza alikuwa amesimama mlangoni, khanga ameishika mdomoni. Nilikuwa nimesema kweli tangu Lusahunga. Kweli yangu ilikuwa imepandisha bei kila mahali ilipopita.

"Hebu nipe tena hiyo noti," nilimwambia Mzee Maduhu.

Niliiinua juani mara ya pili. Twiga alinitazama. Nikaikunja, nikaipapasa, nikaikwaruza kwa ukucha, nikafanya sura ile niliyokuwa nikiifanya nyuma ya kioo mteja alipoleta noti yenye matatizo.

"Deo," nilisema, "twiga hayumo. Hii ni bandia."

Jamani. Tangu Jumanne nilikuwa nimepiga kelele kwamba haina thamani, nikaonekana mwongo. Kwa neno moja la uongo nikaaminiwa na kijiji kizima. Hakuna aliyeomba kutazama mwenyewe. Bandia maana yake polisi, na polisi maana yake kesi, na hakuna aliyetaka jina lake liwe karibu na kesi. Yule mzee wa hesabu alikumbuka ana mbuzi hajawatoa. Mzee Maduhu alirudi nyuma hatua mbili, kamba ikaanguka.

"Ichukue, mama," alisema. "Ichukue uipeleke huko huko benki waichome. Mimi sikuiona."

Deo alikaa chini kwenye nyasi akashika kichwa. "Ungesema tangu jana," aliniambia. "Ningeelewa."

Niliitia noti ile mkobani. Spesioza alikuja akanishika mkono, akaniongoza jikoni, akaniwekea ndizi na maharage na maziwa ya mgando aliyoomba kwa jirani. Sikuweza kula sana. Kabla Mzee Maduhu hajaondoka nilimfuata mkewe njiani nikampa elfu kumi, nikasema ni ya sukari ya wajukuu. Aliipokea akanishukuru mara tatu, na kila mara nilijisikia vibaya zaidi. Mbuzi wake watatu walikuwa wameondoka zamani, lakini noti ilikuwa yake, na nilikuwa nayo mkobani. Yaani nilipata kile walichosema nimekuja kukitafuta.

Mchana kutwa Deo alinifuatafuata kwa upole. Alinikatia ndizi za kubeba. Aliniambia kwamba kumbe kusoma kuna faida. Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilirudi Rulenge kwa pikipiki ya mtu mwingine, maana Elias hakupokea simu. Sababu niliijua nilipofika. Mzee Maduhu alikuwa amempigia usiku ule ule kudai mbuzi wake. Wawili Elias alishawauza. Na Elias, akiwa amebanwa, alikuwa amekwenda kwa aliyemwanzishia balaa.

Mama Restituta alikuwa kibarazani pale pale. Kamba ya kuku ilikuwa kwenye nguzo, kuku hayupo.

"Karibu mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Amekuja kijana wa pikipiki alfajiri, amechukua kuku wake. Nimempa na mayai. Amesema mtaalamu wa benki ameipima ile noti ni bandia. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama." Nilikaa chini mkekani, si kwenye kiti alichonionyesha. "Lakini si bandia. Nilisema uongo." Nilimweleza haraka, mtamba, kikundi, kamba, mdogo wangu. Nikaitoa noti nikaiweka kwenye kiganja chake. "Hii hapa. Ni halali. Mumeo alikupa noti halali. Inua uone, twiga yumo."

Aliiinua. Jua lilikuwa zuri na twiga alionekana waziwazi, hata mimi nilimwona kutoka chini.

"Yumo," alikubali. "Aliyeweza kutengeneza rais na wavuvi atashindwa na twiga?"

"Mama, nakuapia."

"Usiape." Aliishusha akaiweka juu ya goti, akainyoosha kwa kidole, akiangalia upande wa banda la kuku. "Mimi sikulaumu. Nyinyi wa benki mmezoea kuwapoza watu waliopoteza. Ulisema mbele ya watu wengi ni bandia. Leo uko na mimi peke yangu unasema si bandia. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, mtu mzima asiumie."

Nilifungua mkoba nikatoa kioo, nikatoa albamu, nikaweka noti zangu nne pembeni ya yake, nikamwonyesha uzi, wino, herufi. Alitazama zote kwa adabu. Nilisikia sauti yangu inapanda, kama nilivyokuwa nimempandishia Deo, kama nilivyompandishia bwana wa kwenye gari.

"Sasa nimeelewa," alisema nilipomaliza, na kwa muda nikadhani nimeshinda. "Tangu alfajiri nimekaa nawaza, kwa nini aliniambia nisiitumie hata tukilala njaa. Watoto wanalia, na noti iko kwenye Biblia, na yeye anasema usiiguse. Nilidhani ni mapenzi." Aliikunja noti pale pale ilipokuwa imekunjwa miaka yote. "Kumbe alijua ningekamatwa dukani."

Gari la Nyakahura lilipiga honi barabarani. Aliingia ndani na noti yake, nikasikia kifuniko cha sufuria, nikasikia moto unachochewa. Alipotoka hakuwa tena na noti, aliniletea maharage yaliyochambuliwa, kilo kama mbili kwenye mfuko, ya kupeleka nyumbani.

Ng'ombe yupo zizini Murukulazo, anakaribia kuzaa, na Deo ananitumia picha zake kila Jumapili na maneno ya shukrani. Watu wa Biharamulo wakiniuliza nilichojifunza safari ile, huwaambia wasitume elfu hamsini kwa mtu wasiyemwona. Hilo ni kweli na wengi hawaniamini. Lile jingine sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika: nilimwokoa mtamba mmoja kwa kumwibia mjane mume wake, na nilipotaka kumrudisha sikuwa na neno lililobaki ambalo mtu angelipokea.